Buluu ya Chumba cha Kwanza

4 Februari

Mke wangu, mshonaji wangu,

Nyumba haijaungua, sijafa njaa, na cherehani yako nimeifunika isiingie vumbi. Najua hayo ndiyo ungetaka kuyajua kwanza, nimeyatanguliza ili mengine uyasome ukiwa umetulia.

Jana kwenye simu ulikuwa unanong'ona na wodini kulikuwa na kelele, lakini nilikusikia. Ulisema binti yetu akiruhusiwa kutoka hospitali na mtoto wake utawaleta huku nyumbani, wakae nasi mpaka mtoto apate nguvu. Ukasema chumba chao nikipake ile buluu ya chumba chetu cha kwanza. Nikajibu sawa, upesi upesi, kama mtu aliyeulizwa saa. Simu ilipokatika nikaketi juu ya ndoo nikaanza kujiuliza: buluu ile ilikuwa ipi hasa?

Chumba chenyewe nakikumbuka. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba mmoja akitaka kuvaa shati, mwenzake atoke nje. Wewe ulikuwa na mimba ya binti, unalia kwamba kuta zinakusogelea. Mimi nilikuwa bado kibarua wa kukwangua rangi za zamani kwenye kuta za watu, sijaruhusiwa hata kushika brashi. Nikaokota mabaki ya makopo, nikachanganya, nikapaka kuta zote. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akisema nyekundu inakujia, buluu inakupisha. Wewe uliporudi ulisimama mlangoni, ukasema, "Ukuta umerudi nyuma." Siku ile ndipo nilipoamini kwamba mimi ni fundi.

Utasema nikupigie picha. Sitaki. Rangi ya kwenye simu ni ya uongo, na katika rangi zote buluu ndiyo inayoongoza kwa uongo. Tutaandikiana kama wakati wa uchumba. Ndani ya bahasha kuna kipande cha karatasi ngumu, nimekipaka rangi mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, na kukikausha kivulini. Kitazame mchana, dirishani, sio chini ya taa. Uniambie kama ndiyo yenyewe.

Msalimie binti. Na huyo mume mwenzangu aliyeharakisha kuja duniani kabla ya siku zake, mwambie babu yake hana kinyongo naye kwa kuninyang'anya mke, ila asizoee.

Mumeo,
Fundi


15 Februari

Fundi wangu,

Nimefurahi cherehani imefunikwa. Kuhusu kula hukusema unakula nini, na mimi nakujua. Chai si chakula.

Sasa nikwambie ambalo sikuweza kulisema kwenye simu, maana binti alikuwa amelala pembeni yangu. Mjukuu wako alipozaliwa ngozi yake iligeuka manjano, na macho pia. Wakamlaza uchi ndani ya kisanduku cha kioo chini ya taa ya buluu, macho yamefungwa kitambaa cheupe ili taa isimuumize. Daktari anasema mwanga huo ndio dawa, unaondoa ile manjano. Lakini kumwona, Fundi, ni shughuli. Ni mdogo kama kiatu, amelala peke yake ndani ya rangi ile, na mama yake haruhusiwi kumshika ila saa za kunyonyesha.

Binti haipendi tena buluu. Juzi nilimtandikia shuka safi lenye maua ya buluu, akaligeuza upande wa ndani. Akaniambia, "Mama, rangi hiyo sitaki kuiona." Sikubishana naye. Mimi mwenyewe nikiitazama taa ile naogopa, na hapohapo nashukuru, hata sijui kipi kinatangulia.

Lakini chumba bado nakitaka kiwe buluu. Binti alizaliwa tukiwa kwenye chumba kile na hakuwa mtoto wa kulia. Nataka akiingia mwili wake ukumbuke, hata kama kichwa kinakataa.

Kipande chako nimekiweka dirishani mchana, kama ulivyoagiza. Ni kizuri sana. Kina giza kidogo kuliko nijuavyo, labda uongeze nyeupe, lakini wewe ndiye fundi.

Mume wangu mpya anakusalimu. Ana sifa moja inayokushinda wewe, hakoromi.

Mkeo


27 Februari

Mke wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Ungeniambia mapema ningekuja, hata kama ni kusimama tu nje ya dirisha. Lakini nimekuelewa.

Mwambie binti kwamba kuna buluu na buluu. Ile ya taa iko kazini, imevaa sare, haina muda wa kucheka na mtu. Ya ukutani imekuja nyumbani kupumzika. Akifika na bado hakitaki chumba, nitakipaka rangi ya maziwa siku hiyohiyo, hakuna ugomvi.

Ugomvi nilionao ni na Bwana Makopo, yule muuza rangi wetu wa pale kona. Mtu tumefanya naye kazi miaka yote hii, sasa ameanza kuchakachua. Buluu yake siku hizi inatoka koponi kama maji ya kuoshea vyombo. Nalazimika kuikoleza mara mbili ndipo ifanane na kitu. Nimemwambia dukani kwake, mbele ya wateja. Naye akaniambia nikapimwe. Niliondoka bila kumwuliza nikapimwe nini.

Na si yeye tu. Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, ambaye nilimpakia darasa kabla hujasafiri, alinisimamisha njiani. Anasema watoto wamegoma kulala mchana, wanadai darasa lina maji. Nikamwambia watoto hawasemi maneno kama hayo, wanafundishwa.

Hizi ni siku za ajabu. Jua limekuwa kali mpaka linanitoa machozi, na taa za barabarani zote zimeota ndevu. Balbu nazo wanatengeneza za ovyo siku hizi, nimehamishia kiti changu cha kusomea mlangoni.

Kipande kipya hiki hapa. Niliongeza nyeupe kama ulivyotaka, kikawa jivu tupu, nikakirudishia buluu yake. Sasa kimekaa sawa.

Ninakula. Jana nilikula mpaka nikaosha sufuria.

Mumeo,
Fundi


10 Machi

Fundi wangu,

Nianze na habari njema. Mtoto ametolewa kwenye taa, na safari hii hatarudishwa tena. Ngozi yake imerudi kuwa ngozi, na kitambaa cha macho kimeondolewa. Alipofungua macho alimtazama mama yake kama mtu anayejaribu kukumbuka walikutana wapi. Binti alicheka, mara ya kwanza tangu nifike huku.

Sasa nisikilize kidogo. Nimeviweka vipande vyako viwili pamoja dirishani. Cha kwanza kilikuwa kama jioni, na hiki cha pili ni usiku kabisa. Niliomba kipungue giza, nawe umekizidisha. Sikulaumu kwa kazi yako, nani mimi nimlaumu fundi. Nakuuliza kama mke: una nini?

Nakuuliza kwa sababu nakujua. Alipofariki mama yako hukulia mbele ya mtu yeyote. Ulipaka milango yote ya uani buluu ya giza, ukasema ni rangi iliyobaki tu. Nilipita katika milango ile mwaka mzima na kila nilipopita nilikuwa nakusikia. Kwa hiyo ukiniandikia mzaha wa Bwana Makopo na sufuria, halafu ndani ya bahasha ukaweka usiku, mimi nasoma vyote viwili. Kama nyumba imekuwa kubwa mno kwako, sema. Kama unaona nimekaa huku kupita kiasi, sema pia. Usinipakie rangi badala ya kuniambia.

Na ili usipate tabu ya kukumbuka, nakutumia kitu. Siku tunahama chumba kile, karibu na kizingiti plasta ilibanduka, nikakiokota kibanzi kimoja nikakitia kwenye kopo langu la vifungo. Sikuwahi kukuonyesha, niliona haya, ungenicheka. Nimetembea nacho kila mahali, hata huku nimekuja nacho. Nimekivunja katikati, na moyo umeniuma kidogo wakati wa kukivunja. Nusu yako hiyo hapo, nimeifunga kwenye kitambaa. Fuata hiyo.

Mkeo


21 Machi

Mke wangu,

Umenitunzia ukuta kwenye kopo la vifungo miaka yote hii, nami nilikuwa nadhani ninakujua. Ningekucheka kweli, lakini ningekucheka nikiwa nimekushika.

Huzuni sina. Ninakukosa, na hilo ni jambo jingine. Asubuhi bado natoa vikombe viwili, halafu kimoja nakirudisha kabatini kama mwizi. Lakini rangi zangu hazina habari na mambo hayo. Ningekuwa nalia ningekuambia ninalia, umri huu wa kuficha umepita.

Kibanzi nimekipata. Nilikifungulia mezani karibu na mlango ambako kuna mwanga. Sijui nikuambie vipi. Kimekufa, mke wangu. Ni kijivu, kama jivu lililobaki jikoni. Nilikigeuza, nikakipangusa, nikakitoa nje juani, hakuna kitu. Labda ni kutu ya kopo, labda hewa ya wodi, plasta ya zamani huwa haina nguvu. Usijilaumu. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu, nikaona haya kuwa na uchungu kwa ajili ya kipande cha ukuta, lakini nilikuwa nao.

Basi hatuna tena cha kulinganishia. Itabidi uiamini kumbukumbu yangu. Chumba nimekimaliza, mikono mitatu. Kimetulia vizuri, na kuta zimerudi nyuma kama za kile cha zamani. Nina hakika utafurahi.

Mumeo,
Fundi


29 Machi

Mume wangu,

Barua hii isome mchana, pale mlangoni pako, na usiikunje kabla hujaimaliza.

Nilipofika pale uliposema kibanzi kimekufa, nilikwenda moja kwa moja kwenye kopo la vifungo. Nikatoa nusu yangu. Ni buluu. Buluu ile nyepesi, kama siku ile nilipoingia mlangoni. Nikampelekea binti, sikumwambia chochote, nikamwuliza tu hii ni rangi gani. Aliigeuza kiganjani, akasema, "Buluu, Mama. Lakini hii si mbaya." Nusu hizi mbili zilikuwa kitu kimoja wiki chache tu zilizopita, Fundi. Haiwezekani moja ife njiani na nyingine ibaki hai.

Basi nikarudia barua zako zote. Taa zenye ndevu, jua linalokutoa machozi, balbu zisizo na nguvu. Watoto wanaosema darasa lina maji. Nikaona aibu, maana nilikuwa nakutafutia huzuni moyoni, kumbe yote uliniandikia wewe mwenyewe na sikuyasoma.

Tulipompeleka mtoto kupimwa uzito nikamtafuta daktari wa macho wa hospitali hii, nikamweleza. Hakushangaa. Alisema ni mtoto wa jicho. Kioo cha ndani ya jicho kinachakaa na kugeuka rangi kama chai, polepole, na mwenyewe hajui. Buluu ndiyo inayozuiwa kuliko zote. Kwa hiyo unaipaka, jicho linaila, unaongeza, linaila tena. Wewe unaona imetulia na sisi tunaona usiku. Anasema kinatolewa kioo kile, kinawekwa kingine kisafi, na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kwa hiyo si Bwana Makopo, na wala si moyo wako. Ni macho tu. Najua neno "tu" halikutoshi wewe, maana macho ndiyo kazi yako na ndiyo fahari yako. Lakini nakuomba. Nataka ukimwona mjukuu wako umwone na rangi yake.

Mkeo akupendaye


6 Aprili

Mke wangu,

Nimeisoma mchana kama ulivyotaka.

Miaka yote watu wa mji huu wameniita nije niwachagulie rangi, hata wenye nyumba za ghorofa. Leo mke wangu ananiambia kwa barua kwamba sioni rangi, kwa ushahidi wa kipande cha plasta na daktari asiyenijua hata kwa sura.

Fundi aliyenifundisha kazi alikwenda kutibiwa jicho akarudi anaongozwa kwa mkono. Brashi zake ndizo ninazotumia mpaka leo, alinipa kwa kuwa hakuwa na haja nazo tena. Sitaki kumpa mtu zangu.

Tuyaache haya. Safari hii sikuweka kipande.

Fundi


14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama hajui kwamba nakuandikia. Amekaa siku nzima anashona nguo za mtoto ambaye tayari ana nguo za kutosha. Barua yako ameiweka kwenye lile kopo lake la vifungo.

Sitaki kukusemesha kama daktari. Nataka nikueleze jambo moja la huku. Walipomfunga mtoto kitambaa cha macho niliwapigia kelele. Nilisema hamuwezi kumfungia mtu macho siku yake ya kwanza duniani. Nesi mmoja mtu mzima akaniacha nikamaliza, kisha akaniambia, "Tunayafunga ili yaje kuona." Sikumwamini. Nilikaa pale nikiichukia ile taa, na kile kitambaa, na rangi ile iliyomfunika mwili mzima. Nilikuwa na hakika kwamba buluu ndiyo inayomchukua.

Kumbe ilikuwa inamrudisha. Siku hizi anafuata kidole changu kikienda huku na huku. Juzi alikamata ukingo wa lile shuka la Mama la maua, lile nililolikataa, akalivuta mpaka puani.

Baba, yeye hakuwa na uwezo wa kuchagua, nami nilimwogopea kwa niaba yake. Wewe unaweza kuchagua, na najua unaogopa, maana nami nimejifunza huku jinsi hofu inavyojifanya hasira. Ukienda, siku ya kufungwa macho mfikirie mjukuu wako. Yeye hakulia.

Nakupenda sana.

Binti yako


5 Mei

Shemeji,

Mwandiko huu usikushtue. Ni mimi muuza rangi wa kona, ambaye najua nyumbani kwenu mnaniita Bwana Makopo, na ambaye mumeo alinitangaza kwa wateja kuwa nachakachua. Yuko hapa kitandani kwake, jicho moja lina bandeji, na ananiamuru niandike asemayo. Nitaandika asemayo na nisemayo mimi.

Anasema: mwambie nimekwenda.

Mimi nasema hivi ilivyokuwa. Wiki mbili zilizopita alikuja dukani na barua ya binti yenu mfukoni. Hakunisalimia. Akasema nipange vifuniko viwili vya makopo juu ya meza, kimoja kijivu na kimoja buluu nyepesi, na nisimsaidie. Nikapanga. Akavitazama mpaka jasho likamtoka, kisha akaweka kidole juu ya kile cha kijivu akasema, "Hii ndiyo buluu yangu." Shemeji, nilikuwa nataka kumcheka tangu mwezi wa pili, lakini siku ile sikucheka. Nilifunga duka tukaenda pamoja hospitali ya huku kuandikisha jina.

Anasema nisikuambie hayo ya vifuniko. Nimeshaandika.

Anasema: mwambie wamefanya jicho la kulia kwanza, la kushoto litafuata baadaye. Hakukuwa na maumivu. Nilisikia maji na sauti za watu wakizungumza habari za chakula cha mchana, nikajua kumbe kazi yangu kwao ni ya kila siku, kama mimi na ukuta, nikatulia.

Anasema: mwambie uzeeni huu nami nimepata mtoto, tena wa jicho, na wamemtoa bila hata kumpa jina.

Anasema: sikulia.

Mimi nasema hilo ni kweli, nilikuwa nje ya mlango. Kesho asubuhi wanamfungua. Leo usiwe na wasiwasi, amekula, na chai nimemnyima.

Ninayeandika,
Bwana Makopo
(na kwa niaba ya mumeo, ambaye ameniomba msamaha kwa sauti ndogo sana)


13 Mei

Mke wangu,

Sasa naandika mwenyewe, na mistari yangu utaona imenyooka.

Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa beseni la plastiki alilolishika nesi. Beseni la kawaida kabisa, la kunawia. Nikamwuliza wamelitoa wapi. Akasema lipo hapo siku zote, la maji. Mke wangu, lilikuwa buluu kiasi kwamba nilishindwa kuangalia pengine. Nililia, naye akadhani ninaumwa akakimbia kumwita daktari. Walipokuja nikawaambia hapana, ni beseni tu.

Jicho la kushoto bado ni lile la zamani, kwa hiyo nina mchezo ninaoucheza siku nzima kama mtoto. Nikifumba hili jipya, mbingu ni ukuta uliopigwa na moshi. Nikifumba lile, mbingu imefuliwa. Nimekaa uani nafumba na kufumbua mpaka jirani akaniuliza nakonyeza nani. Ilikuwa inaingia giza kidogo kidogo, kila mwaka kidogo, nami nikaizoea nikaiita dunia.

Bwana Makopo alinisindikiza mjini. Tukapita shule ya chekechea, nikachungulia darasani. Watoto walikuwa sahihi. Nimemwambia mwalimu mkuu nitapaka upya, na nimewaomba radhi watoto mmoja mmoja, wengine hawakujua ni kwa nini wakanipa mkono tu.

Kisha nikaja nyumbani nikafungua mlango wa chumba, nikarudi nyuma. Ule si ukuta, ni kelele. Na mimi niliupaka mikono mitatu nikiimba. Namshukuru Mungu nimeuona kabla yenu.

Nimeacha la mwisho makusudi. Nusu ya kibanzi uliyonitumia niliiweka mfukoni siku zote, hata nilipokuwa nimekukasirikia. Nilisubiri niwe peke yangu. Nikaenda mlangoni, nikafumba jicho la kushoto, nikafungua kiganja.

Haikufa. Ilikuwa hai muda wote, mimi ndiye niliyeizika.

Nilisimama pale nikakuona umesimama mlangoni na tumbo lako, unaniambia ukuta umerudi nyuma. Nisamehe ile barua fupi. Niliogopa, binti amesema kweli, na sikujua kuogopa kwa sauti ya upole.

Kipande cha mwisho hiki hapa. Nimekichanganya kwa jicho jipya peke yake, la zamani nimelifunika kwa kiganja. Ukisema ndiyo, nitafuta kuta zote nne na kuanza upya kabla hamjafika.

Mumeo,
Fundi


22 Mei

Fundi wangu,

Nimekiweka kipande chako dirishani mchana, nikaweka nusu yangu juu yake. Nikamwita binti nimwonyeshe, akaniuliza kibanzi kiko wapi. Hakukiona, mpaka alipopitisha kidole. Basi jibu langu ni ndiyo.

Ile barua fupi nilishaitoa kwenye kopo. Bwana Makopo mwambie barua yake ndiyo niliyoiweka mahali pake, imenichekesha na kuniliza kuliko zenu zote.

Paka kuta tatu. Ukuta wa kichwani pa kitanda uache kama ulivyo, na kelele zake. Uliupaka ukiwa huoni, kwa ajili yangu, na ukadhani umetulia. Nitakuwa nikiuegemea mchana ninapomlaza mtoto, na hakuna rangi utakayonichanganyia itakayonifaa kuliko hiyo.

Tunafika Jumamosi mchana. Mtoto amenenepa, mume mwenzako sasa anakoroma, kwa hiyo mko sawa. Binti ndiye aliyeingia dukani kumnunulia shali ya safari. Aliniambia nimsubiri nje, akakaa muda mrefu, na alipotoka alikuwa ameishika kifuani. Sikuambii ni ya rangi gani. Ukifungua mlango utaiona mwenyewe.

Mkeo